Rutgers au Oregon, nani hasa ni wa Big Ten?

Watu wanawaweka kapu moja eti wote wageni kwenye Big Ten, ligi ya michezo ya vyuo vikuu Marekani, mi nakataa. Rutgers, chuo cha New Jersey, waliingia 2014 na Maryland, na sababu kubwa ilikuwa tivii, jimbo hilo liko jirani na New York na ligi ilizitaka zile nyumba zenye kebo, uwanjani lakini, kwenye futiboli ya Kimarekani, hawajawahi kuwafunga vigogo wa ligi Ohio State hata mara moja. Oregon wamekuja 2024, msimu wa kwanza tu wakabeba ubingwa, 45-37 mbele ya Penn State. Afu ile gemu ya mwezi wa 10 kwao Eugene, wakiongoza 32-31, kwotabeki (mwongoza mashambulizi) wa Ohio State anakimbia na mpira, anateleza chini ili waombe taimauti saa isimame, kuangalia saa inasoma sifuri, mechi imeisha! Hapo utasemaje Oregon si wenyeji?

Ila safari jamani, Oregon mpaka New Jersey saa zinapishana 3, na wanaoumia zaidi ni watoto wa voliboli na wenzao wanaopanda ndege wiki baada ya wiki huku masomo yanawasubiri. Hapo Rutgers wana afadhali, Maryland na Penn State ni majirani. Kwa mpira wenyewe, nawapa Oregon.