Methanoli, ethanoli au isopropanoli? Uzoefu wangu na mfumo wa kunyunyizia maji kwenye injini ya turbo

Gari langu linatumia petroli na lina turbo, yaani pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini, na nimelifungia mfumo wa kunyunyizia maji na alkoholi kwenye njia ya hewa, nozeli, yaani kitundu cha kunyunyizia, ikiwa baada kidogo ya intakula, ile rejeta inayopooza hewa ya turbo. Kazi ya mfumo huo ni kupooza hewa iliyopashwa joto na turbo ili injini isigonge, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta usijilipukie wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Nimekwisha kutumia alkoholi za aina tatu, kila moja nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri.

Nieleze kwanza kwamba kinachopooza zaidi ni maji. Kilo moja ya maji hunyonya takriban kilojuli 2,257 ili igeuke mvuke, ilhali methanoli hunyonya takriban 1,100 na ethanoli takriban 840. Alkoholi inahitajika kwa sababu maji hayaungui na yakizidi hudhoofisha moto ndani ya silinda, wakati alkoholi hugeuka mvuke mapema, hustahimili kugonga na huzuia maji ya tangi la mfumo yasigande kwenye baridi.

Nilianza na methanoli, na kwa nguvu sijaona inayoizidi. Huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, hivyo hupooza hewa kabla haijafika kwenye silinda, na injini ilikubali shinikizo la turbo bila kulalamika. Tatizo lake ni hatari. Ni sumu inayoweza kupofusha au kuua, hupenya kwenye ngozi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo mtu anaweza kusogeza mkono kwenye moto asioujua. Vilevile hula alumini. Wajerumani walipoitumia kwenye ndege zao za Vita Kuu ya Pili, katika mchanganyiko ulioitwa MW 50, walitia humo mafuta kidogo ya kuzuia kutu, na mimi ninalichukulia jambo hilo kuwa onyo kwa kila mwenye pampu na viungio vya alumini.

Kisha nilihamia isopropanoli, nikafanya kosa ambalo ningependa wengine waliepuke. Chupa ilikuwa ya asilimia 70, nami nikaichanganya nusu kwa nusu kana kwamba ni alkoholi tupu, hivyo nikabaki na asilimia 35 tu na injini ikaanza kugonga kwenye mlima. Hesabu sahihi ni sehemu tano za chupa hiyo kwa sehemu mbili za maji. Nilipoirekebisha, kugonga kuliisha, lakini kipimo cha moshi kilionyesha mafuta yamezidi, kwa kuwa isopropanoli huhitaji hewa nyingi zaidi ili iungue: takriban kilo 10.3 kwa kila kilo yake, dhidi ya 6.5 za methanoli. Anayebadilisha alkoholi bila kutuni upya injini yake, yaani kurekebisha kiasi cha mafuta na hewa, anajidanganya.

Ethanoli nayo ilinisumbua mwanzoni, ingawa kosa halikuwa lake. Nilinunua spiriti yenye rangi ya zambarau kwa kuwa ilipatikana kwa urahisi, na baada ya wiki chache ukungu wa nozeli ukawa mkondo mmoja mwembamba unaotiririka upande. Nilipoifungua nilikuta utando wa rangi umeganda kwenye tundu na kichungi kimeshika tope laini. Kioevu cha kuoshea vioo nakikataa kwa sababu hiyohiyo, kwani sabuni na rangi zake haziungui zikaisha.

Sasa natumia ethanoli safi isiyo na rangi, nikiipima kwa mizani badala ya chupa, maana alkoholi na maji vikichanganyika ujazo wake hupungua: nusu lita na nusu lita hazifiki lita moja. Kwa injini ya mashindano inayosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, ningerudi kwenye methanoli, nikiwa na glavu nzito na mlango wa gereji wazi. Kwa gari la kila siku, ambalo tangi lake hujazwa kwa mkono huku watoto wakipita karibu, tofauti ndogo ya ubaridi ninayoipoteza haistahili hatari ile. Wiki iliyopita niliitoa nozeli tena, nikaielekeza kwenye mwanga, na tundu lake lilikuwa safi kama siku nilipoifunga.