Seti ya cheni ya taimingi isiyo ya kiwandani kwenye 1NZ-FE: cheni safi, tensiona hapana

Nyota 3 kati ya 5. Seti hii nimeifunga kwenye 1NZ-FE, injini ya Toyota, iliyofumuliwa yote, kuanzia krenki mpaka silinda hedi. Kwenye boksi kuna cheni, gia ya krenki, gia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya egzosti, gaidi (reli inayoongoza cheni) isiyosogea, gaidi inayosukumwa na tensiona (kikaza cheni), tensiona yenyewe na oili sili ya mbele. Gia ya VVT-i (inayobadilisha taimingi ya valvu) haimo. Kabla ya kurudisha ya zamani, pitisha ukucha kwenye kila jino. Ukikuta meno yamechongoka au yamelala upande mmoja, cheni mpya italiwa upesi.

Cheni sina neno nayo. Niliilaza kando ya ile ya zamani, nikahesabu viungo, idadi ikawa ileile. Kasoro ni rangi ya viungo vya alama: imepakwa juu juu tu, oili na kitambaa vinaiondoa. Weka alama yako mwenyewe kabla hujailowesha. Hata rangi ya kucha inatosha.

Tensiona ndiyo sikuifunga. Ukibonyeza pistoni yake kwa kidole inarudi kwa kusitasita, na meno ya kuizuia isirudi nyuma hayashiki sawasawa. Injini ikiwa imelala usiku kucha, oili hushuka, na kwa sekunde za mwanzo meno hayo pamoja na springi ndiyo yanayoikaza cheni. Yakiteleza utasikia kelele kila ukiwasha asubuhi. Cheni ikiruka jino, taa ya injini itawaka na kodi P0016 (krenki na kamshafti hazilingani). Ikiruka zaidi, valvu zinagonga pistoni na kazi yote inaanza upya. Nimefunga ya kiwandani.

Gaidi zinafaa, ila kingo zake zina mabaki ya plastiki ya kwenye kalibu. Yakwangue kwa kisu. Yakibanduka yanaenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili.

Wakati wa kufunga, usizungushe kamshafti pistoni zikiwa juu. Sogeza krenki kwanza ili pistoni zote ziwe katikati ya silinda, weka kamshafti kwenye alama, ndipo urudishe krenki kwenye alama yake. Vika cheni kiasi kwamba upande wa gaidi isiyosogea umekaza kabisa na ulegevu wote umebaki upande wa tensiona. Hapa ndipo wengi wanapokosea jino moja: alama zinaonekana sawa cheni ikiwa imelegea, tensiona ikisukuma zinahama. Chomoa pini inayofungia pistoni ya tensiona, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kufuata mwelekeo wa injini, kisha kagua alama za gia. Viungo vya rangi havitakuwa tena kwenye alama zake. Ndivyo inavyotakiwa, usifungue kwa sababu hiyo. Ila ukihisi krenki imegota mahali, simama hapo hapo, usiilazimishe kwa spana.

Oili sili ya kwenye seti ina mdomo mgumu, nayo niliiweka kando. Kuitoa baadaye ni kushusha puli upya, na bolti yake inakazwa kwa Nm 128.

Pampu ya oili kwenye injini hii imo ndani ya kava la taimingi, kwa hiyo ijaze oili kabla ya kufunga kava. Silikoni iwe uzi wa mm 3 hadi 4, usiokatika. Ukiimwaga nyingi, inayominyika kwa ndani inakwenda kulekule kwenye chujio. Iache ikauke ndipo umimine oili ya injini, kisha plagi zikiwa nje piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Baada ya hapo rudisha plagi na uwashe.