Uzoefu wangu: kozi ya kuediti video hapa Mwanza (usifute video kwenye simu hata wakikuambia ufute)

Sikutaka kuandika hiki kitu kwa sababu nilishasema nimesamehe, ila juzi jirani kaniambia anataka kumpeleka kijana wake pale pale nilikosoma mimi, moyo ukaanza kunienda mbio, nikaona hapana bora niandike. Jina la kituo sitaji. Kiko katikati ya mji, ghorofani, waliopita pale watajua tu.

Kilichonipeleka ni sendofu ya mdogo wangu. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Pasaka, na mama hakuwepo. Presha ilimpanda zikiwa zimebaki siku chache akalazwa, na ukumbi ulishalipiwa, upande wa mume walishajipanga, baba mdogo akasema tusiahirishe mambo ya watu. Basi tukafanya sherehe bila mama mzazi, keki ya wazazi akaipokea mama mkubwa, anayejua sendofu za kwetu anaelewa hapo palikuwaje. Mdogo wangu alipopewa maiki ashukuru hakuongea na ukumbi kabisa. Alinigeukia mimi niliyeshika simu akaongea na mama. "Mama najua utaiona hii ukipona." Dakika nne na kitu, ukumbi kimya, hata MC aliweka maiki yake chini.

Mpiga video wa kulipwa hatukuwa naye, hela ilienda hospitali. Nilirekodi mimi kwa simu yangu na binamu yangu wa Nansio kwa yake. Kwangu nilikuwa na vipande 37, vingine sekunde kumi, vingine watu wako kwenye foleni ya chakula tu, vingine upepo wa ziwa umeingia kwenye maiki ya simu husikii neno maana ukumbi uko wazi upande wa ufukweni. Nikasema siwezi kumwonyesha mama vitu vimetawanyika hivi, nijifunze nimtengenezee video moja iliyonyooka, ianzie anapoingia binti hadi hayo maneno yake.

Nikalipa elfu 80, wiki tatu, saa 11 jioni mpaka saa 1. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, naamka saa 10 alfajiri, kwa hiyo hizo jioni nilikuwa naziiba kwenye usingizi wangu. Nasema hivi ili mtu asidhani nilikuwa naenda kuchezea kompyuta.

Kwenye mafunzo yenyewe niwe mkweli, wiki mbili za kwanza nilifurahi sana. Walikuwa wanatufundishia Movie Maker, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2017, lakini kwenye mashine zao ilikuwepo na inafanya kazi. Nayo sina ugomvi nayo hata kidogo. Kwa mtu anayeanza ni rahisi mno, unaburuta vipande vyako unavipanga, unasimamisha pale mtu anapoanza kukohoa, unagawanya, kile usichokitaka unakitoa, kimeisha. Siku ya kwanza niliyokata kile kipande cha baba mdogo anatafuta miwani mfukoni, halafu nikacheza video ikapita kama vile hakuwahi kuitafuta, mimi na umri wangu huu nilipiga makofi darasani. Na kitu kilichonipa amani ni kwamba ukikata mle ndani, kipande chako halisi kwenye folda hakiguswi, kiko vile vile. Ticha alilisema hilo vizuri na nampa haki yake.

Ila hakusema upande wake wa pili. Kama programu haigusi vipande vyako, maana yake kile unachosevu na chenyewe hakina vipande. Ni maelezo tu. Kipande fulani kiko folda fulani, anza hapa, kata pale, weka maandishi haya. Ni sawa na daftari langu la stoo, limeandikwa magunia mangapi yako wapi, lakini ukilifungua daftari hukuti dagaa hata mmoja. Hilo ndilo faili la projekti. Ili upate video ambayo TV au simu inaweza kucheza lazima uiambie programu ishone kila kitu kiwe faili moja jipya, na mle kwenye menyu kuna "Save Project" na kuna "Save Movie", zote zinaanza na save. Projekti inasevu kufumba na kufumbua. Video yenyewe unasubiri, unauona ule mstari unatembea taratibu. Mistari michache hii niliyoiandika hapa ingesemwa siku ya kwanza nisingekuwa naandika saivi.

Siku ninayomaliza kazi yangu nilichomeka flashi, nikasevu. Ikachukua sekunde. Nikamuuliza ticha, kwa mdomo wangu, "Ticha imeingia?" Alikuwa mezani kwake na simu. Akanyoosha shingo akaangalia kwa mbali, "Imeingia, chomoa." Nikamwambia na simu yangu imejaa, hata picha za mzigo wa dagaa siwezi kupiga kutumia wateja. Akasema, na haya maneno nayasikia mpaka leo nikilala, "Futa tu dada, si ziko humu." Humu ni kwenye kompyuta yao. Nikafuta. Nikafuta zote mbele yake.

Jumapili mama alikuwa ameshatoka hospitali, bado anatembea kwa kushika ukuta. Akaamka asubuhi akavaa kile kitenge. Kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya sendofu, kilichokaa kwenye begi kwa sababu aliyeshonewa alikuwa wodini. Akafunga na kilemba chake. Mama mkubwa akaja, majirani wakaja, mtu akaleta kreti ya soda. Nikachomeka flashi kwenye TV. Hamna kitu. Nikachomoa nikapuliza nikachomeka tena, tundu la pili, hamna, folda tupu. Kijana wa jirani akaleta laptopu yake, akakuta faili moja, haifiki hata megabaiti moja, akaibonyeza kompyuta ikamuuliza ifungue kwa programu gani. Akaniangalia, mimi namwangalia. Mama akasema, "Basi mwanangu tutaangalia siku nyingine," akainuka akashika ukuta akaenda chumbani kubadilisha nguo.

Watu walikunywa soda zao wakaondoka.

Jumatatu sikwenda hata Mwaloni. Nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Ticha akaja, nikamweleza kwa adabu kabisa, na shikamoo alipewa japo najua ni mdogo kwangu, kwa sababu ni mwalimu wangu. Akachukua flashi akaifungua kwenye ile ile mashine niliyokuwa natumia. Vipande vyote vikatokea vina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Mstari mzima njano tupu. Nikamuuliza hizo ni nini, akasema programu haioni vipande, vimefutwa, kompyuta zinasafishwa kila Jumamosi, imeandikwa pale. Nikaangalia anapoonyesha. Kuna karatasi nyuma ya mlango, kwa Kiingereza, nusu imefunikwa na kalenda.

Nikamwambia, ticha si wewe ulisema nifute kwenye simu? Wanafunzi walishaingia, wako kama wanane. Akasema kwa sauti, wote wanasikia, "Dada nilifundisha hapa siku ya kwanza. Save Project na Save Movie unashindwa kusoma? Nyie wa sokoni shida yenu mnataka haraka haraka." Kuna walioangua kicheko.

Jamani. Mimi ningevumilia kuambiwa nimekosea. Kukosea nimekosea, sawa, maana nilibonyeza mimi. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza ukiwa hatua nne kutoka kwangu na ulichotakiwa kufanya ni kuinuka uangalie faili lina ukubwa gani, basi, mtu wa kazi hiyo angejua palepale kwamba dakika 20 za video haziwezi kuwa kitu kidogo vile. Na kama "wa sokoni" hatufai, ile elfu 80 yenye harufu ya dagaa mbona uliipokea ukaihesabu mara mbili?

Sasa hapa ndipo naanza kujichanganya kwenye kutoa hukumu maana kwenye kituo hicho hicho kuna binti wa mapokezi. Nilipotoka pale nimekaa kwenye ngazi yeye ndiye aliyenifuata. Akaniuliza, "Ma'mkubwa, kuna mtu ameitumia ile mashine toka Jumamosi?" Nikamwambia naona ndo wanaiwasha. Akasema basi isitumike, kwa sababu kitu kikifutwa hakiondoki hapo hapo, kinakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Saa za chakula cha mchana ticha alipotoka akaja na flashi yake yenye programu ya Recuva, ya bure hiyo, akaiendeshea kwenye flashi bila kuweka kitu kwenye ile diski. Tukakaa pale mpaka macho yanauma. Vikarudi vipande 14. Vingine vilirudi jina tu, ukifungua ni tupu. Cha mdogo wangu na maiki hakikurudi. Yule binti alitafuta mara ya pili na ya tatu, mimi nimeshakata tamaa yeye bado anatafuta. Hela nilimpa akakataa. Kwa ajili yake nilitaka niandike kwamba kituo ni kizuri, nendeni, ila muulizeni yeye. Halafu ticha akarudi akamkuta pale, akamwambia mbele yangu, "Nani kakuruhusu kugusa mashine?" Basi na huo uzuri ukaishia hapo.

Nikampigia binamu Nansio. Simu aliyorekodia ilishaingia maji wakiwa kwenye mtumbwi, haiwaki. Kilichobaki ni alivyovirusha kwenye grupu la WhatsApp la familia usiku ule ule wa sherehe, vipande tisa, na kimojawapo ni hicho, amemchukua mdogo wangu kwa pembeni. Nilishukuru Mungu. Lakini video ukiituma kule kama video inabanwa ili iwe nyepesi, sauti inabaki safi ila sura inageuka vimiraba vimiraba. Kumbe ungeituma kama dokumenti ingefika ilivyo, siku hizi inapokea mpaka GB 2. Hakuna aliyejua usiku ule, kila mtu alikuwa na furaha yake.

Kumalizia nilimalizia nyumbani kwenye laptopu ya mpwa wangu, kwa programu ya kuediti inaitwa Shotcut, ni ya bure na haikuandikii nembo yake juu ya sura za watu. Ina vitu vingi kuliko ile ya darasani, siku mbili za kwanza nilipotea kabisa, lakini vile vipande vya simu ambavyo midomo ilikuwa inatangulia maneno, programu iliniuliza kama nataka vigeuzwe viwe rahisi kuediti, nikakubali, midomo ikakaa sawa. Projekti yake na yenyewe ni daftari tu kama ile nyingine, usije ukahamisha folda katikati ya kazi. Nilipotoa video nilisubiri mstari mpaka mwisho, nikaangalia ukubwa, nikaicheza kwenye simu, nikaicheza kwenye TV ya jirani, ndo nikamwita mama. Hiyo ndiyo nawaomba mfanye, na vipande vya mwanzo viacheni vilipo mpaka hapo, hata simu ijae iseme imejaa.

Dakika 11. Nilisema sitaita mtu, tuwe wawili. Mama hakuvaa kitenge safari hii. Alicheka baba mdogo anavyocheza, akamtambua kila mtu kwa jina. Ilipofika kwa mdogo wangu na maiki akavuta kiti hadi karibu kabisa na TV. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akainamia kioo, akaweka kidole pale kwenye uso, pale penye vimiraba, akaniuliza, "Hapa anacheka au analia?"

Nilikuwepo, ninajua alikuwa anafanya nini, nikamweleza. Lakini alitakiwa aone mwenyewe.

Nilipoanza kuandika nilisema nimesamehe na nilikuwa nimepanga kuandika mwishoni kwamba kozi si mbaya ila muwe makini. Nafuta hiyo kauli. Kijana wa jirani asiende. Na elfu 80 yangu ambayo sikuwahi kuidai, kesho nikitoka Mwaloni naenda kuidai, na nguo zangu hizi hizi za sokoni.