Mapenzi ya karatasi nyeusi, ghorofani Mji Mkongwe

Mie kazi yangu kupaka hina na piko, huu mwaka wa 11, kwa hiyo filamu hii ya vivuli vya karatasi, ya Lotte Reiniger, nimeitazama kwa jicho la mchora maua. Alhamisi iliyopita wifi yangu alinipeleka mkahawa mmoja wa ghorofani, Mji Mkongwe, wanakoonyesha filamu za zamani ukutani. Kiingilio shilingi 3,000, chai ya tangawizi ndani yake.

Walianza na filamu fupi ya mwaka 1919, Das Ornament des verliebten Herzens. Kijana wa pale alitufasiria: pambo la moyo uliopenda. Ni filamu ya kwanza ya Lotte Reiniger, binti wa Berlin, aliyekuwa na miaka 20 tu. Haina maneno wala kisa kirefu. Yupo mwanamke, yupo mwanamme, na lipo pambo, nakshi inayogeuka kufuata hali ya nyoyo zao. Basi. Anayetaka kujua nani kamuoa nani atatoka na njaa yake.

Mie nilitoka nimeshiba. Wapenzi wale weusi tititi, vivuli vya karatasi, hawana macho wala midomo ya kutabasamu. Utajuaje kama mtu anapenda? Unatazama shingo, mkono, kiuno. Kisha unalitazama lile pambo, maana ndilo linalosema wanayoyanyamazia. Hilo kwetu si geni. Kwenye taarabu mpenzi hatajwi jina, anaitwa ua, anaitwa tausi. Asumini inachumwa jioni ingali tumba, inafungwa kikuba, na usiku chumbani inachanua yenyewe. Ujumbe umefika na hakuna aliyefungua mdomo. Mabibi harusi wangu wengi huniomba niifiche herufi ya bwana ndani ya ua, kiganjani, aitafute mwenyewe. Mmoja wa Fuoni alinihadithia kuwa mumewe aliitafuta usiku kucha, akaja kuiona kwenye kidole gumba adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Nilimkumbuka yeye pale gizani.

Kijana alitueleza pia namna Reiniger alivyokuwa akifanya kazi. Kila kiungo anakikata peke yake, kichwa, bega, kiwiko, anaviunga kwa waya, anavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na kamera inatazama kutoka juu. Anasogeza kidogo, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga tena. Niliposikia hayo nikaomba irudiwe, na mara hii sikuwatazama wapenzi, nikatazama kingo za karatasi. Mkono uliokata pale haukutetemeka. Piko ukikosea unawahi kulifuta kwa pamba kabla halijashika, lakini karatasi ikishakatika imekatika. Kuna mahali vidole vya mtu vimechongoka hata nikajikuta nimekunja vyangu.

Jengine lililonigusa: kwenye taasisi ya Berlin alikoitengeneza filamu hii ndiko alikokutana na Carl Koch. Walioana mwaka 1921, na bwana huyo akawa mwenziwe wa kazi mpaka alipofariki mwaka 1963. Mwaka 1926 wakatoa ile ndefu ya Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Kwa hiyo aliyekuwa akikata pambo la moyo, na wake ulikuwa umo njiani. Sijui kwa wengine, kwangu mie jambo hilo limeifanya filamu kuwa nzito zaidi.

Sasa mkahawa wenyewe. Chai nzuri, vitumbua vya moto, na akina mama tulitengewa mikeka ya mbele bila ya kuomba. Lakini picha waliivuta ikajaa ukuta mzima, wapenzi wakawa wanene na zile shingo nyembamba zikapotea. Filamu isiyo na sauti wakaiwekea kinanda juu kabisa, hata mtoto wa jirani yangu akaamka analia. Nilimuita kijana, nikamuonyesha kuwa duara la pambo limekuwa yai. Alirekebisha palepale, akapunguza na kinanda. Kwa uungwana huo nitarudi.

Wanaonyesha tena Alhamisi hii baada ya sala ya Isha. Wahini mapema, kaeni mbele, na mumwambie aiweke picha sawa kabla hajaanza.