Civilization VI: Mchezo Unaomlazimu Mchezaji Kuisoma Ardhi

Mfululizo wa michezo ya kompyuta wa Civilization ulianzishwa na Sid Meier mwaka 1991, na toleo lake la 6, lililotengenezwa na kampuni ya Firaxis Games chini ya uongozi wa mbunifu Ed Beach, lilitoka Oktoba 2016. Toleo la 7 nalo limeshaingia sokoni tangu Februari 2025, lakini mtu akiniuliza aanze na lipi, bado nitamwelekeza kwenye la 6 bila kusita, kwa kuwa sijaona mchezo mwingine wa kujenga dola unaoifanya ramani yenyewe kuwa na uzito kiasi hiki.

Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi moja la walowezi na kikosi kimoja cha askari, huku sehemu kubwa ya ramani ikiwa bado imefunikwa. Kila mtawala hucheza kwa zamu yake: huamuru vikosi, huchagua elimu ya kutafitiwa, hupanga kitakachojengwa, kisha huwapisha wengine. Ardhi imegawanywa katika vipande vya pembe sita, na mji unaweza kunufaika na vipande vilivyo umbali wa hatua tatu kutoka katikati yake.

Katika matoleo ya awali, maktaba, soko na kambi ya jeshi vyote vilirundikwa ndani ya kipande kimoja cha mji, hivyo mahali pa kujenga hapakuwa na maana kubwa. Hapa kila shughuli inadai wilaya yake, na wilaya hiyo inadai kipande chake. Chukua mji ulioketi kando ya mto, nyuma yake kukiwa na safu ya milima. Wilaya ya elimu hupata pointi 1 ya sayansi kwa kila mlima inaopakana nao, kwa hiyo pembe iliyozungukwa na milima mitatu ni hazina ambayo haifai kuachwa. Lakini huenda pembe hiyohiyo ndiyo yenye msitu wa mbao unazozihitaji sasa, au ndiyo njia pekee ya kuyaleta maji mjini kwa mfereji. Tena mji hauruhusiwi kujenga wilaya zote kwa mpigo: ya kwanza inahitaji mkazi mmoja, ya pili wakazi 4, na ya tatu wakazi 7. Gharama ya wilaya nayo hupanda kadiri elimu ya taifa inavyosonga mbele, ila ukishaweka msingi wake haipandi tena, na kwa sababu hiyo mchezaji makini huweka msingi mapema hata kama ataukamilisha baadaye sana. Maajabu ya dunia yana masharti ya namna hiyo pia. Piramidi, ambazo humwongezea kila mjenzi kazi moja juu ya zile tatu za kawaida, hazijengwi ila kwenye jangwa tambarare. Ndiyo maana uamuzi wa kuuweka mji hapa badala ya pale huendelea kuzaa faida au hasara karne nyingi baadaye.

Utafiti pia umefungamanishwa na mazingira. Ukijenga mji pwani, elimu ya usafiri wa majini hupungua gharama. Kikosi chako cha wapiga kombeo kikiua adui, elimu ya upinde hukaribia. Punguzo hilo ni asilimia 40, na humfanya mchezaji afuate elimu inayoendana na nchi aliyoikuta badala ya kukariri mpango mmoja.

Mataifa yenyewe yametofautishwa kwa ujasiri. Mvemba a Nzinga wa Kongo hawezi kuanzisha dini wala kujenga wilaya takatifu, bali hunufaika na mafundisho ya dini ya wengine inapoenea katika miji yake mingi. Mansa Musa wa Mali hujenga polepole sana, lakini migodi yake humwaga dhahabu ya kununulia kile ambacho wenzake hukijenga.

Vifurushi viwili vya nyongeza, Rise and Fall cha mwaka 2018 na Gathering Storm cha mwaka 2019, kwangu si vya hiari. Cha kwanza kilileta utiifu wa miji, hivyo mji uliopachikwa karibu na jirani mwenye watu wengi unaweza kuasi bila hata mshale mmoja kurushwa. Cha pili kilileta mafuriko, milipuko ya volkano na kupanda kwa bahari. Mto unaweza kufurika na kuyaharibu mashamba, kisha ukaacha udongo wenye rutuba zaidi. Makaa ya mawe yanayoendesha viwanda vyako huchangia kuzamisha nyanda za chini za pwani, zikiwemo zako mwenyewe.

Udhaifu mkubwa uko kwa wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta. Ugumu ukipandishwa hawapewi akili zaidi, wanapewa mali: katika ngazi ya juu kabisa huanza na makundi matatu ya walowezi dhidi ya moja lako. Ukistahimili mbio hizo za mwanzo, utawaona wakileta wapiga mishale mbele ya kuta bila zana za kuzibomoa, na wakiacha pembe nzuri za milima bila wilaya yoyote. Inasikitisha kwamba mchezo uliojengwa juu ya usomaji wa ardhi una wapinzani wasioisoma. Theluthi ya mwisho nayo huchosha, kwa sababu mara nyingi mshindi huwa ameshajulikana huku bado kuna miji mingi ya kuhudumiwa kila zamu.

Muziki unastahili sifa zake. Wimbo mkuu ni wa Christopher Tin, na wimbo wa kila taifa hukua kutoka ala chache za kale hadi okestra kamili kadiri enzi zinavyopita.

Kwa anayeanza, ningeshauri ramani ndogo na kasi ya haraka, ambayo humalizika kwa zamu 330 badala ya 500 za kawaida. Anayetaka ushindani wa kweli atafute marafiki wa kucheza nao, kwa kuwa binadamu mwenzake hataiacha ile pembe yenye milima mitatu.