Mwezi mmoja na projekta ndogo sebuleni, Kisumu: usiku ni raha, mchana isahau

Projekta ndogo za LED zimejaa madukani Kisumu siku hizi, na kila anayeiona yangu huuliza kama inaweza kuchukua nafasi ya TV. Haiwezi. Inafaa nyumba yenye watoto? Sana, mradi ujue inataka nini. Yangu ilinigharimu shilingi 11,500 pamoja na kebo ya HDMI ya mita 1.5. Inatumia wati 60, picha yake ina pikseli 1280 kwa 720, na ndani mna spika moja ya wati 3. Jina lililobandikwa juu silitaji kwa sababu halikusaidii: mashine hiyohiyo utaikuta duka la pili ikiwa na jina lingine na bei nyingine.

Naipa 7 kwa 10. Imepoteza alama kwa mwanga, sauti na feni. Sauti na feni zina dawa. Mwanga hauna.

Kartoni imeandikwa lumeni 9,000, yaani kipimo cha mwanga. Hiyo puuza kabisa. Tafuta namba yenye neno ANSI, ambayo hupimwa kwa utaratibu maalumu. Kwa mashine za bei hii kawaida ni 200 hivi, pengine chini. Kama ANSI haikuandikwa popote, angalia wati. Projekta ya ofisi ya taa ya kawaida, yenye lumeni 3,000 za kweli, hula wati 200 na zaidi, sasa hii ya wati 60 itatoa wapi 9,000? Ujanja mwingine ni yale maandishi ya 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080. Mara nyingi maana yake ni kwamba mashine inakubali kupokea picha ya 1080p, kisha inaipunguza hadi 720 yake. Muulize muuzaji pikseli halisi za paneli, kile kioo cha ndani kinachotengeneza picha, ni ngapi. Akizunguka, jibu umelipata.

Kwa mwanga huo mdogo, giza ndilo linaloamua ratiba ya nyumba. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni mwaka mzima, na ikifika saa 1:15 usiku picha imeshakolea. Kwa filamu hilo halina shida. Kwa wapenzi wa mpira, shida ipo: mechi za Ligi Kuu ya Uingereza za Jumamosi zinazochezwa saa 9 alasiri kwao huanza kwetu saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea kama wamesogeza saa zao mbele. Zile za saa 11 utaona nyasi za kijivu na wachezaji wasio na namba mgongoni. Pazia zito husaidia kiasi, lakini ukifunga madirisha yote saa hiyo na joto la Kisumu, sebule haikaliki. Mpira wa mchana wachia TV.

Jambo ambalo ningetaka kila mnunuzi alijue kabla ya kufungua kartoni ni hili: usikimbilie picha kubwa. Matangazo husema inchi 150. Yangu ikiwa mita 2.7 kutoka ukutani, picha ina upana wa mita 2, yaani inchi 90. Nikiisogeza hadi karibu mita 2, upana unakuwa mita 1.45, kama inchi 65. Mwanga ni uleule ila umetandazwa kwenye eneo la karibu nusu, kwa hiyo picha ndogo inang'aa takriban mara mbili ya ile kubwa. Nyeusi inakuwa nyeusi, na maandishi ya chini yanasomeka hata kwa aliyekaa kando. Inchi 65 kwa sebule ya kawaida ya nyumba ya kupanga ni kubwa ya kutosha, na bado ni kubwa kuliko TV nyingi za mtaani.

Iweke sawa na katikati ya ukuta, isitazame kwa upande. Ile rimoti ina kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda, na wengi hukikimbilia kwa sababu projekta imewekwa chini kwenye stuli. Kitufe hicho hukata pikseli za pembeni na kuikunja picha, ndiyo maana herufi zinakuwa na meno. Afadhali kuiinua mashine yenyewe: juu ya meza, au rafu nyuma ya kochi. Kisha rekebisha lenzi mara mbili, ukiwasha na tena baada ya dakika 10. Lenzi za bei hii mara nyingi ni za plastiki, zikipata joto picha hulegea kidogo. Ukiona katikati picha ni kali na kona zina ukungu, usihangaike sana. Kona za mashine hizi haziwi kali zote nne kwa pamoja.

Ukuta wa krimu hugeuza theluji kuwa samli. Shuka nyeupe ya mitumba kutoka soko la Kibuye inafanya kazi nzuri, ila moja peke yake huvuja: simama nyuma yake na utaona filamu nzima upande wa pili, mwanga uliolipia ukipotea. Weka mbili, na kitambaa cheusi nyuma. Piga pasi. Pitisha ufito juu na mwingine chini kwenye pindo ili inyooke, maana upepo wa ziwani ukiingia dirishani shuka isiyo na uzito chini huanza kuogelea na watoto wanacheka pasipo pa kucheka. Kama mwenye nyumba anaruhusu, rangi nyeupe isiyong'aa ni bora zaidi. Eneo la mita 1.5 kwa 0.9 halimalizi hata nusu lita ukipaka mara mbili. Rangi inayong'aa usithubutu. Utaona duara la mwanga katikati ya picha.

Sauti sasa. Spika ya ndani inatosha chumba kimya. Mvua ikianza kupiga mabati, hata mazungumzo ya kawaida huyasikii, na Kisumu mvua ya radi ya jioni si mgeni. Unganisha sabufa, lakini kwa waya wa 3.5 mm, si kwa Bluetooth. Kwa Bluetooth sauti huchelewa kidogo, mdomo umefungwa ndipo neno linafika, na ukishaligundua hutaona kitu kingine. Kwa muziki hiyo haidhuru. Sabufa pia iwe mbele, chini ya shuka; ikibaki nyuma karibu na projekta, waigizaji wanaongea mbele na sauti zao zinatoka kisogoni mwako.

Feni inavuma, na haizimiki. Ukikaa mita moja kutoka kwayo utaisikia katika kila tukio la kimya. Inahitaji nafasi ya kama sentimita 30 nyuma na pembeni, na isiwekwe juu ya mto wala blanketi kwa sababu matundu ya hewa yako chini pia. Lakini adui wake mkubwa hapa ni wale wadudu wadogo wa ziwani. Siku wakiinuka kwa wingi hufuata mwanga wowote, na mwale wa projekta kwao ni mwaliko. Mdudu wa milimita chache akipita karibu na lenzi, kivuli chake ukutani ni sawa na kuku. Hilo linachekesha. Wakinyonywa na feni halichekeshi tena: hukwama kwenye kichujio, hewa inapungua, feni inapandisha kelele, na mashine inaweza kujizima kwa joto. Zima taa zote za sebule, acha ya nje mbali na mlango iwavute, na dirisha liwe na wavu. Kichujio kitoe kila wiki, kipigepige taratibu, rudisha. Lenzi ifute kwa kile kitambaa cha miwani. Pindo la leso huikwaruza.

Kuhusu cha kutazama, njia rahisi kuliko zote ni king'amuzi kilekile cha TV: hamisha kebo ya HDMI, basi. Chaneli za bure zinaingia, pamoja na Akili Kids kwa wadogo. YouTube iliyomo ndani ya mashine ni nzito, bora simu au laptopu. Na kwa kuwa paneli ni ya 720, hakuna sababu ya kuchagua 1080p. Kwa 720p saa 2 hula takriban GB 2 hadi 3, na bando linapumua. Programu nyingi za filamu za kulipia hukataa ukirusha skrini ya simu: sauti inaendelea, picha nyeusi. Mashine haijaharibika, ni ulinzi wa hakimiliki. Tumia laptopu kwa HDMI.

Flashi ina vikwazo vyake. Ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ukiona picha inakwenda bila sauti, mara nyingi faili lina sauti ya aina ya Dolby au DTS ambayo mashine haina leseni yake. Tafuta lenye sauti ya aina ya AAC.

Stima: saa 2 kwa wati 60 ni uniti 0.12, haifiki shilingi 5 za tokeni. Ikipotea ghafla, LED haidhuriki kama zile taa za zamani zilizotaka kupoozwa kwanza. Hatari iko inaporudi, kwa hiyo chomoa, au tumia kisanduku cha kulinda TV. Ukitaka kuendelea kwa betri na inveta, betri ya 12V 7Ah haikufikishi mwisho wa filamu, kwani kwa hesabu ya karatasi tu ina wati-saa 84 na wewe unahitaji 120. Ya 26Ah inatosha.

Kinachonifanya niiweke alama 7 badala ya 5 ni namna nyumba inavyoitumia. TV kila mtu huitazama nusu nusu huku akiwa na simu. Hii inadai taa zizimwe, na taa zikizimwa watu hukaa mkekani pamoja. Bisi zinapikwa kabla: sufuria ya lita 5, vijiko 3 vikubwa vya mafuta, nusu kikombe cha mahindi ya bisi. Tia punje tatu kwanza. Zikipasuka, ndipo umimine zilizobaki, funika ukiacha upenyo mdogo wa mvuke, maana mvuke ukifungiwa bisi hutoka kama mpira. Filamu ikiisha, usizime haraka. Watoto watataka mwanga mweupe wa kutengenezea vivuli vya mikono, sungura na mamba, na hapo bando halitumiki kabisa.

Kwa filamu za kununua, angalia alama ya KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu: GE ni ya kila mtu, PG inataka mwongozo wa mzazi. Na ukianza kualika mtaa kwa kiingilio, hata cha shilingi 10, hiyo si burudani ya nyumbani tena, inahitaji leseni.

Dukani usilipe kabla ya kuiona ikiwaka dakika 10 mfululizo, nyuma ya kaunta ambako kuna kivuli. Mwambie muuzaji aweke ukurasa wenye maandishi madogo, usome kona zote nne. Kisha aweke picha nyeusi tupu. Ukiona madoa meupe yenye ukungu, vumbi limeshaingia ndani ya mashine na halitoki bila fundi kuifungua. Omba nyingine kutoka kwenye kartoni iliyofungwa.