Okidi-nondo niliyouziwa kwa jina la mwenzake

Machi mwaka jana nilinunua okidi-nondo, yaani okidi yenye maua yanayofanana na mdudu nondo, kwenye kitalu kimoja hapa Arusha, elfu arobaini na tano. Haikuwa na ua. Ilikuwa na majani manne mapana, yenye mabaka ya kijivu kama ngozi ya chatu, na ukiyageuza chini ni zambarau. Kibao kiliandikwa Phalaenopsis schilleriana. Wapenzi wa maua wa nje hulifupisha jina hilo kuwa "phal", linalosikika kama "fala". Mimi siwezi, litamke soko la Kilombero uone utakavyopigwa.

"Mwagilia kila asubuhi dada, haina shida," muuzaji akaniambia. Ilikuwa nayo. Wiki ya tatu jani la chini likageuka njano. Kuichomoa, nakuta katikati ya mizizi bonge la mboji limeloa chapachapa, na nusu ya mizizi ukiiminya inatoa maji. Jamani, hii si mchicha! Kwao Ufilipino inaota juu ya miti, mizizi inapigwa na upepo. Nikakata iliyooza, nikaipanda kwenye vipande vya mkaa na magome, ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha. Sasa naangalia mizizi tu: ikiwa ya kijani imeshiba, ikipauka kama fedha namwagilia. Maji yakituama kwenye moyo wa majani nayakausha kwa tishu, maana uozo ukiingia hapo mmea umekwisha.

Baridi ya Julai niliiogopa, nikaihamishia sebuleni. Kumbe ubaridi wa usiku ndio uliokuwa unasubiriwa. Agosti shina la maua likachomoza, Novemba yakafunguka tisa.

Schilleriana ni ya waridi. Yangu meupe, na kwenye ua lenyewe, yale majani yake mawili ya chini yana vidoa vya rangi ya kutu, tena nusu ya ndani tu, kama yamerukiwa na chai. Hiyo ni Phalaenopsis stuartiana, ya kisiwa cha Mindanao. Majani ya mimea hiyo miwili yanafanana mno. Bila ua, kibao ni cha kuaminiana tu.

Kitalu nakipa nyota tatu: mmea mgumu, bei ya haki, maelezo mabovu. Nikirudi nitachagua uliokwisha kuchanua.

Nilimpigia muuzaji kumweleza. Akacheka. "Dada yangu, si imetoa maua lakini?"

Imetoa.